Kabla hujapokea funguo: bima ya nyumba kwa sisi wa milimani

Yule bwana aliyetumwa na kampuni ya bima kukagua hasara yangu alifika asubuhi na mapema, futi kamba mkononi, viatu vimejaa tope la Nyasaka, huku kwetu milimani Mwanza. Nilidhani ataanza na paa, maana bati zangu zilikuwa bado zimelala juu ya mwamba nyuma ya nyumba kama sangara walioanikwa. Wala. Alisimama mlangoni, akageuka kutazama alikotoka, akauliza: "Mama, lori linaishia wapi?"

Nikamwonyesha mwembe kule chini. Kuanzia mwembeni mpaka kwangu ni ngazi za mawe 64, nimezihesabu mara nyingi, hasa siku za kupandisha mtungi wa gesi. Akaandika kwenye daftari lake. Mimi nikaona ni maongezi tu ya kuvuta pumzi. Kumbe swali lile ndilo lililokuja kunikata zaidi ya milioni 2.

Tulinunua mwaka 2022, mimi na baba watoto, tukitokea Sengerema baada ya mimi kupata uhamisho. Nyumba ya vyumba vitatu, imepimwa, ina hati, wauzaji ni wazee waliokuwa wanarudi kijijini. Walitaka milioni 78, tukamalizana kwa 70. Tulihangaika na kila kitu kama inavyotakiwa: tulikwenda ardhi kuhakikisha hati haina deni la benki, tulimwona mwenyekiti wa mtaa, tukamtaka mke wa muuzaji atie sahihi ya ridhaa mbele ya wakili. Bima niliikumbuka jioni ya kuamkia siku ya kupokea funguo, tena kwa sababu shemeji alitania, "Hiyo nyumba ikiungua leo usiku, ni ya nani?"

Nilicheka, kisha sikulala. Tulikuwa tumeshalipa milioni 50, jina kwenye hati bado la mzee. Ikiungua leo usiku, ni ya nani kweli?

Hapo ndipo ningependa uanzie wewe ambaye bado uko kwenye mazungumzo na dalali. Mkataba wa mauziano useme wazi ni siku gani hatari ya nyumba inatoka kwa muuzaji na kuja kwako: siku ya sahihi, siku ya funguo, au siku hati inapobadilishwa jina. Wakili wetu aliongeza sentensi moja tu, haikutuongezea hata senti ya gharama. Bima yako ianze siku hiyohiyo, isisubiri umalize kupaka rangi. Na ukiambiwa "usijali, nyumba hii ina bima mpaka Desemba", shukuru halafu endelea na yako. Bima ni makubaliano ya mtu na kampuni, haikai kwenye nyumba kama mita ya LUKU ukaikuta siku unayohamia.

Halafu kuna suala la kulipa. Kama ada haijalipwa, hakuna bima, hata kama wakala ni mtoto wa dada yako na ameshakuandikia kava noti, ile karatasi ya kuthibitisha bima. Ukilipa, chukua namba ya kava noti uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima nchini. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Ofisi ya TIRA ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza kwa anayependa kuuliza uso kwa uso.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kijana wa bima alikuwa mpole, anajua kazi yake ya kuuza. Akaniuliza thamani ya nyumba, nikasema 70 kwa sababu ndiyo pesa iliyotoka mfukoni. Akasema, "Mama, toa kiwanja, maana ardhi haiungui. Toa na uchakavu. Tuweke 40, ada itakuwa nyepesi." Kwa kiwango alichonipa, milioni 40 ilikuja shilingi 94,400 kwa mwaka, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Nikaona nimepata. Kuhusu ardhi alisema kweli. Lakini mimi na yeye wote hatukuuliza swali la yule bwana wa futi kamba.

Kampuni inapopima kama umekata bima ya kutosha, haitazami bei uliyonunulia. Inatazama ingekugharimu kiasi gani kuisimamisha nyumba ileile upya, palepale ilipo. Na kwa sisi wa milimani, "palepale" ina bei yake. Lori la mchanga linamwaga mwembeni. Kuanzia hapo ni vijana na ndoo. Kokoto ndoo, maji ndoo, tofali moja moja kichwani, sementi mgongoni, nondo zinapandishwa na watu wawili wakipishana na mbuzi wa jirani. Usafiri wa kutoka mwembeni kwenda juu unaweza kukushangaza kuliko wa kutoka dukani mpaka mwembeni. Weka na msingi: huku haichimbwi mitaro ukamaliza, unapasua mwamba au unaujengea. Yule bwana alipiga hesabu zake, akaniambia nyumba yangu kuijenga upya ni milioni 80. Nilibisha. Nikampigia fundi wangu wa siku zote, naye akanitajia 83.

Upepo ulikuwa umekuja usiku, Novemba 2023, zile mvua za El Niño. Anayeishi ufukwe huu anaujua: kwanza ziwa linanyamaza, kisha unasikia mlio unatoka upande wa maji kama Fuso linapanda mlima kwa gia ndogo. Sisi tulisikia misumari inang'oka, mmoja mmoja. Mtoto wetu mdogo akasema, "Mama, naona nyota." Alikuwa anaziona kweli, kupitia darini. Dakika chache baadaye mvua ikaingia hukohuko zilikoonekana nyota.

Hasara ya jengo tulikubaliana ni milioni 4.8: bati, mbao, dari ya vyumba viwili na nyaya. Mimi kichwani nimeshazipokea. Barua ikaja na hesabu nyingine. Nyumba ni ya 80, umekata bima ya 40, kwa hiyo nusu ya hatari uliamua kuibeba mwenyewe. Nusu ya 4.8 ni 2.4. Toa asilimia 10 ambayo mkataba unasema mwenye nyumba anaibeba kwenye kila dai, wao wanaiita eksesi. Nikalipwa shilingi 2,160,000.

Nilikasirika sana. Nilikwenda ofisini kwao na maneno yangu yote niliyoyapanga kwenye daladala. Yule dada wa madai akanifungulia mkataba ukurasa wa 7, akauzungusha unielekee, akaweka kidole. Ilikuwapo, imeandikwa, na sahihi yangu iko chini. Kama ningekata bima ya milioni 80 tangu mwanzo ningelipa 188,800 kwa mwaka. Niliokoa 94,400, mara mbili, kwa miaka miwili.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa wakala, kaa na fundi mwaminifu au, kama mfuko unaruhusu, mthamini aliyesajiliwa. Muulize ikianguka yote leo, kuijenga tena hapa ilipo ni kiasi gani, pamoja na kusafisha kifusi. Mpeleke akapande ngazi mwenyewe, asikadirie kwa simu akiwa Buzuruga. Namba hiyo ndiyo iandikwe, na kila unapohuisha bima iangaliwe tena kwa sababu bei ya sementi na bati haikungoji.

Ukuta wa mawe nao una kisa chake. Usiku uleule maji yaliyoteremka kati ya miamba yalichimba chini ya ukuta wa mawe unaoshikilia udongo upande wa chini, karibu mita 9 zikalala. Sikupata hata mia. Mkataba uliandikwa "jengo la makazi", na ukuta haukutajwa popote. Mjini Mwanza mtu anaweza kuishi miaka bila kioo cha dirisha, lakini bila ule ukuta wa mawe hana uwanja, na mwisho hana nyumba. Kila kitu kilichosimama kwenye kiwanja chako kitajwe kwa jina: uzio, geti, ukuta wa kuzuia udongo, choo cha nje, stoo, tenki na mnara wake. Uliza pia, kwa maneno hayohayo, kama mafuriko, kuporomoka kwa udongo na jiwe kuviringika kutoka juu vimo au ni vya kuongezewa ada. Mikataba haifanani. Wangu ulikuwa na moto, radi na dhoruba, udongo haukuwamo.

Radi nayo isikudanganye. Kanda hii ya ziwa ina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na bima nyingi za moto zinaihesabu. Lakini friji iliyoungua kwa sababu umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ni jambo jingine, mara nyingi halimo mpaka uliombe. Jirani yangu alipoteza friji na televisheni kwa namna hiyo, akabaki na bima yake na stabilaiza mpya.

Vyombo vya ndani ni bima yake peke yake, au sehemu yake peke yake ndani ya mkataba mmoja. Mdogo wangu amenunua Buswelu kwa mkopo wa benki, akaamini amemaliza kwa sababu benki ilimkata ada ya bima siku ya kwanza. Bima ile ipo, ila ni ya jengo na anayelipwa kwanza ni benki. Makochi yake, kompyuta na cherehani ya mkewe haviko humo. Kama una mkopo, omba nakala ya mkataba usome mwenyewe. Ni haki yako, ada ni yako.

Siku ya kuhama tulikodi Fuso kutoka Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado nguzo tupu majini, kwa hiyo tulipanga foleni ya kivuko kama kawaida. Wakati wa kuingia kivukoni dereva alikanyaga breki, na kabati la vioo la mama mkwe, ambalo lilikuwa limenusurika miaka 31 ya ndoa yake, likajimwaga. Nikampigia wakala nikiwa bado juu ya maji. Akaniambia kwa upole kwamba vyombo vina bima vikiwa ndani ya nyumba iliyotajwa. Njiani ni bima ya mizigo, na sikuwa nayo. Leo daraja limefunguliwa, tangu Juni 2025, na hakuna foleni, ila breki ni zilezile. Vya kuvunjika vifunge kwa mablanketi, uvipande navyo mwenyewe kwenye kirikuu.

Kama hutahamia mara moja, sema. Sisi tulikaa wiki sita tukirekebisha, na mkataba wangu ulisema nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo wizi haulipwi. Nilituma ujumbe wa maandishi kwamba kuna mlinzi analala pale, wakanijibu kwa maandishi. Hilo moja nililifanya vizuri. La pili: siku ya kwanza kabla hatujapanga chochote, nilizunguka na simu nikirekodi kila chumba, kila ufa, namba za nyuma ya friji, risiti za EFD nikazipiga picha kabla hazijafutika. Nikamtumia dada yangu Geita azitunze. Yule bwana wa futi kamba alipoziona hakuuliza tena kama dari ilikuwa nzima.

Na nyufa usizifiche kwenye fomu. Kwetu kulikuwa na lipu mbichi nyuma ya mlango wa jikoni, na muuzaji alisema ni mapambo. Niliiandika. Ukificha jambo unalolijua, siku ya madai ndilo litakalotafutwa kwanza.

Kwa anayetafuta nyumba kule chini, Luchelele au popote maji yanapoonekana kutoka sebuleni, nina neno moja la mjomba. Pima mita 60 kutoka kwenye maji kabla hujapima sebule. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita hizo. Na maji yenyewe hayakai pamoja: mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango kilichowekwa miaka ya 1960, mwaka 2024 likapita hapo. Mjomba alioneshwa nyumba nzuri yenye alama ya maji kwenye ukuta wa banda la kuku. Aliaga.

Dai likikataliwa na unaona umeonewa, andika barua kwa kampuni kwanza, kisha ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi sikwenda, kwa sababu ukurasa wa 7 nilikuwa nimeusaini.

Agosti 2024 nilirudi kuhuisha, na picha kwenye simu. Kijana ni yuleyule. Tukaandika milioni 85. Akasoma kwa sauti huku anachapa: jengo kuu, choo na stoo ya nje, tenki la lita 2,000 na mnara, uzio na ukuta wa mawe wa kuzuia udongo mita 22. Akauliza kama kuna kingine. Nikamwambia aandike na ngazi. Akacheka. Nikamwambia 64, za mawe, kuanzia mwembeni. Akaandika.