Filta ya degrade: ziwani ndiyo, mlimani hapana

Ndugu yangu unayeanza kupiga picha za mandhari hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, kabla hujatoa pesa ya filta, jiulize utasimama wapi. Filta ya degrade juu ni nyeusi, chini ni wazi, na weusi wake unafifia kama nywele za ubavuni mtu akitoka kwa kinyozi. Inapunguza mwangaza wa anga ili ardhi nayo ionekane. Na ardhi yetu ni mawe meusi ya volkeno: ukipimia mwanga wa mawe, anga inaungua na kuwa nyeupe, ukipimia anga, mawe yanapotea.

Ufukweni, ukielekea kusini, maji na anga vinakutana kwa mstari karibu ulionyooka. Hapo inafaa filta ya mpaka mkali, ambayo weusi wake unakatika ghafla. Pima anga peke yake, kisha maji. Anga ikizidi maji kwa stopu 3 (kila stopu ni mwanga mara mbili), weka filta ya namba 0.6, inayopunguza stopu 2, yaani robo ya mwanga inapita. Ya 0.9 ingemaliza tofauti yote, na hilo hulitaki, kwa sababu taswira ya anga majini huwa na giza kidogo kuliko anga yenyewe. Ziwa likimeta kuliko mbingu, hata asiyewahi kushika kamera atahisi kuna uongo.

Mlima wa volkeno wa Nyiragongo ni habari nyingine. Una mita 3,470, unatoboa upeo, na kilele kinatiwa giza pamoja na anga. Wengi watakwambia tumia ya mpaka laini. Kwangu hiyo nayo inaharibu kilele, ila kwa adabu. Mlima hauhami. Funga kamera kwenye tripodi, piga picha mbili, moja ya anga na moja ya ardhi, uziunganishe kwenye kompyuta.

Mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, haikungoji hivyo. Inatoka jioni, mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu ya nyavu imetokeza mbele na nyuma. Ukiunganisha picha mbili, kila mvuvi anapata pacha. Hapo ndipo filta inarudisha pesa yake. Jiandae mapema, maana huku karibu na ikweta jua linashuka wima na giza halichelewi. Na usielekeze lenzi bandarini wala kwa askari bila ruhusa.

Ukishusha filta, bonyeza kitufe cha kuonyesha diafragma, yaani tundu la lenzi, utakayopigia, tuseme f/11. Usipobonyeza, unatazama kwa tundu lililo wazi, tuseme f/4: mpaka unaonekana laini, kisha picha inakutolea mstari.

Programu za kompyuta zina degrade yao, na ni nzuri, lakini anga iliyokwisha kuwa nyeupe tupu hairudi hata kwenye RAW, faili ghafi ya kamera.

Nunua ya mstatili, ya kuchomeka, milimita 100 kwa 150. Ya duara inakulazimisha kuweka upeo katikati kila mara. Nyingi ni za plastiki, na vumbi letu la volkeno lina makali, kwa hiyo usifute kwa shati. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mkono, ndipo upitishe kitambaa.