Nyuzi 60 kabla ya onyesho

Onyesho langu la kwanza na watoto lilichelewa dakika 40, na kosa lilikuwa langu. Ilikuwa Februari, nje baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kantele 12, zile ala za nyuzi za Wafini, zilikuwa zimelala kwenye buti la gari tangu asubuhi. Tukaingia ukumbini kwenye joto, nikawaambia watoto wafungue mikoba, wakafungua. Kantele ndogo ina nyuzi 5. Watoto 12 mara nyuzi 5, fanya hesabu. Chuma kikipata joto kinalegea, kwa hiyo nikikaza uzi wa tano, wa kwanza umeshaporomoka tena. Kiswahili chetu kinaita "nyuzi" za joto na za ala kwa jina moja, na siku ile zote mbili zilinishinda. Wazee walikuwa wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, wananitazama kwa ule utulivu wa Wafini ambao mgeni hajui kama ni subira au hasira.

Basi somo la kwanza kwa wewe unayekuja kusaidia kikundi cha watoto: fika saa moja na nusu kabla. Ala ziache ndani ya mikoba yake zizoee joto polepole, watoto wapewe maji ya matunda na mkate, ndipo ufungue na kukaza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Karelia ya Kaskazini, mashariki mwa Ufini, kwa sababu za kifamilia, na muziki wa hapa niliingizwa na mwanangu aliyejiunga na darasa la kantele la manispaa. Mzazi anayekaa kusubiri kwenye kiti cha nyuma hupewa kazi. Kwanza nilipewa kufunga kamba za viatu, baadaye kushika orodha ya majina, na mwaka wa tatu mwalimu alipoumwa nikajikuta nimesimama mbele. Ninayoandika hapa nimeyapata kwenye kiti kile na mbele pale. Wenzangu wa kwaya, wa ngoma na wa madrasa nao watajiona humu, ingawa habari yenyewe ni ya Ufini.

Kila msaidizi mpya anayekuja kwetu ananiuliza habari za Värttinä, kikundi cha muziki wa asili, na haki yake, kwa sababu wale wametoka mkoa huuhuu. Rääkkylä ni mahali padogo, maziwa na misitu, nyumba moja huku nyingine kule. Mwaka 1983 ndugu wawili wa kike, Sari na Mari Kaasinen, walianzisha kikundi hapo, mama yao Pirkko akiwasukuma kutoka nyuma. Värttinä ni kile kijiti cha kusokotea uzi. Walikuwa watoto na vijana wa shule, wengi kweli, wakafika kama 20 jukwaani, wasichana wakiimba na kupiga kantele, wavulana wakashika ala nyingine. Albamu ya kwanza ilitoka 1987, ya pili 1989. Halafu wengi wakaondoka, nami nitarudi kwenye kuondoka huko, maana ndiko kwenye somo lenyewe.

Kabla ya kuimba, wale watoto walikuwa wanaghani mashairi. Wageni huliruka jambo hili. Wanakuja na ala, wanataka vidole viende mbio. Mimi nawaambia: anza na maneno, tena bila sauti ya muziki. Mashairi ya kale ya Karelia, yale ambayo Elias Lönnrot alizunguka kuyakusanya na kuyatoa kama Kalevala mwaka 1835, yana mizani 8 kwa mstari. Nane! Siku niliyoambiwa nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo mizani ya utenzi. Nilikuwa nimekuja mwisho wa dunia kukutana na kipimo nilichokariri darasa la sita. Tofauti ni kwamba utenzi unadai vina, na hawa vina hawavijali. Wao wanapenda maneno ya mstari mmoja yaanze kwa herufi zinazofanana, kisha mstari wa pili unarudia maana ya ule wa kwanza kwa maneno mengine. Ukishalijua hilo, mtoto wa miaka 7 unaweza kumtungisha mstari wake kuhusu paka wake, akapiga makofi mizani 8, na amekwisha kuwa ndani ya muziki kabla hajagusa uzi.

Lakini mkazo ulinifedhehesha. Kifini huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, siku zote. Sisi tunauweka kwenye ya pili kutoka mwisho. Nikasimama mbele ya darasa nikasema kanTEle, kama ninavyosema kaRANga. Kimya. Halafu kitoto kimoja chenye pengo la meno mawili kikanisahihisha kwa upole: KANtele. Nikarudia vibaya. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, wakigonga meza kwenye KAN, na kabla sijajua, wakawa wanaimba. Zoezi lile nalitumia mpaka leo, kila Septemba, na kila Septemba nakosea kwa makusudi. Mtoto akimsahihisha mtu mzima, neno lile halisahau.

Kuhusu ala yenyewe sina mengi. Kantele ya nyuzi 5 ni rahisi kuliko inavyoonekana: unailaza mezani au mapajani, sauti zake ni zile tano za mwanzo, do mpaka so. Ziba uzi wa pili na wa nne kwa vidole vya kushoto, pitisha kidole cha kulia juu ya zote, na zilizobaki wazi zinapatana zenyewe. Dakika 5 mtoto anatoa sauti nzuri. Ndiyo sababu iliingia shule nyingi za Ufini miaka ya 1980. Noti za karatasini zisubiri. Mwaka wangu wa kwanza nilizileta mwezi wa pili, na darasa likawa na vichwa 12 vilivyoinama, hakuna anayemsikia jirani yake. Nilizikusanya zote nikazirudisha kabatini.

Jambo la kumtanguliza mtoto hodari lataka maneno zaidi, maana kila kiongozi mpya huteleza hapo. Unaye mmoja mwenye sikio. Anashika wimbo mara ya kwanza, hatetemeki, bibi yake yuko mstari wa mbele na simu juu. Unampa sehemu ya kuimba peke yake, mara hii, na mara ijayo, na mara ile nyingine. Mwisho wa mwaka una mwimbaji mmoja na mapambo 11 nyuma yake, na mapambo hayo yanaanza kuumwa tumbo siku za mazoezi. Katika uimbaji wa kale wa huku kuna dawa iliyotengenezwa tayari: kiongozi anaanza mstari, wengine wanaudaka kabla haujaisha na kuurudia. Sisi tunakuita kupokea, tumeuzoea kwenye harusi na kwenye kazi za shamba. Kiongozi hubadilika kila mstari, mviringo unazunguka, hata yule mwenye aibu anaongoza maneno manne tu kisha mzigo unachukuliwa. Ni mara ngapi nimeona mtoto aliyekataa katakata kuimba peke yake akaimba peke yake bila kujua!

Huko Kaustinen, upande wa magharibi, ambako tamasha la muziki wa asili limekuwapo tangu 1968, mwalimu Mauno Järvelä alijenga mfumo mzima juu ya wazo hilo kwa wapiga fidla. Unaitwa Näppärit. Mtoto aliyeanza jana anavuta uta kwenye nyuzi tupu, wa mwaka wa nne anapiga wimbo, aliyebobea anapamba juu, na wote wako kwenye wimbo mmoja, jukwaa moja. Hakuna darasa la wanaosubiri. Upigaji fidla wa Kaustinen umeingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, na mimi naamini fidla peke yake zisingeufikisha huko bila yale maelfu ya watoto waliovuta nyuzi tupu.

Sauti: usimwambie mtoto aimbe "vizuri". Akisikia vizuri anabana koo, anatoa kile kisauti cha kanisani cha kuomba radhi. Waimbaji wa Värttinä walijulikana kwa sauti iliyo wazi, kali, iliyonyooka, kama mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya ziwa. Sisi tunatoka nje, watoto wanaitana kutoka pande mbili za uwanja, halafu tunaingia ndani na sauti ileile. Majirani wamelalamika mara mbili. Tumebadilisha saa.

Sasa kuondoka.

Shule ya msingi ya Ufini inakwisha mtoto akiwa na miaka 15 au 16. Anayekaa kijijini mara nyingi hulazimika kwenda mjini kuendelea, na kwetu mji ni Joensuu. Agosti inafika, anapakia mkoba, anaondoka. Hiyo siyo bahati mbaya, ni kalenda. Unaijua miaka tisa kabla. Na bado kila kiongozi niliyemwona, mimi wa kwanza, hujenga kikundi kana kwamba Agosti haitakuja.

Msichana mmoja alikuwa nguzo yetu. Yeye ndiye aliyekaza nyuzi za wadogo wote, yeye ndiye aliyejua mpangilio wa nyimbo. Alipokuja kuniambia anaondoka nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa, neno la mtu mzima aliyeshikwa na hofu. Hakujibu. Wiki iliyofuata nilikuta kantele juu ya meza, na pembeni ufunguo wa kukazia nyuzi umeviringishwa ndani ya soksi ya sufu ili usipotee. Barua hakuna. Kikundi kikakaa miezi mitatu bila kupiga wimbo hata mmoja mpaka mwisho, kwa sababu vyote alikuwa navyo kichwani, nami ndiye niliyeviacha viishie humo.

Watu husimulia habari za Värttinä wakifika mwisho wa miaka ya 1980 wanashusha sauti, kana kwamba kuna msiba: wengi wakaondoka, kikundi kikavunjika. Mimi naona kuondoka kule ndiko kulikoliokoa jina. Lile kundi la watu 20 wa kijiji kimoja lilikuwa limekwisha kazi yake, walikuwa wamekua. Sari alikuwa Helsinki akisoma kwenye Chuo cha Sibelius, ambacho idara yake ya muziki wa asili ilifunguliwa mwaka uleule wa 1983. Wachache waliobaki wakajiunda upya huko mjini, wakachanganyika na wapigaji waliosomea muziki, na albamu yao ya 1991, Oi Dai, ndiyo iliyowafanya wasikike nchi nzima. Sari mwenyewe aliondoka 1996, na kikundi kikaendelea. Mwaka 2006 walikuwa Toronto, kwenye mchezo wa jukwaani ambao muziki wake waliutunga pamoja na A. R. Rahman wa India. Kule Kaustinen, wapiga fidla wa JPP walianza 1982 kwa jina lenye maana ya wapigaji wadogo wa Järvelä. Wakaota ndevu. Wakabakiza herufi tatu, wakaendelea na safari.

Idara hiyohiyo ya Helsinki ndiyo aliyosoma Mtanzania mwenzetu Arnold Chiwalala mpaka udaktari. Ameunganisha kantele na ngoma za kwetu akauita mtindo wake Chizentele. Huwa nawachezea watoto wangu rekodi zake bila kusema anatoka wapi. Wanasikia kantele kwanza. Kisha mmoja anauliza mbona mkazo umehama.

Tunachofanya siku hizi ni hiki. Mtoto akifika miaka 12 anapewa mdogo mmoja, wake kabisa. Anamfundisha kukaza, kukaa, kuanza. Wimbo wowote lazima wajue watu watatu kuuongoza, na mimi si mmoja wao. Anayeondoka anakabidhi nyimbo zake wakati wa masika, Aprili na Mei, mbele ya wenzake, na wimbo ambao hakuna anayeutaka unaachwa uende naye. Mwaka wa kwanza tulipoteza nyimbo nne hivyo. Niliumia kwa moja tu.

Wazazi nao: wape kazi yenye jina. "Msaidie" ni neno lisilobeba kitu. Mmoja anachemsha kahawa ya mapumziko, mmoja analeta vile vikate vya Karelia vya unga wa rai (nafaka jamaa ya ngano) na wali katikati, mmoja anakusanya pesa kwenye mkebe, na pesa hizo zinanunua nyuzi. Aliyepewa mkebe hakosi onyesho.

Yule msichana alirudi Krismasi iliyofuata. Nilimwomba radhi mlangoni, kabla hajavua koti, nikavuruga maneno yote kwa Kifini changu. Akasema si kitu, akapita, akaketi sakafuni katikati ya wadogo. Ala zilikuwa zimetoka kwenye baridi wakati uleule. Akawaambia wasifungue mikoba kwanza.

Na funguo za kukazia nyuzi nunua tatu. Mmoja utapotea, mmoja utakuwa kwenye mfuko wa mtu aliyekwenda Joensuu.