Usivute mche shingoni: kwa vijana wa fildi

Jana nimemkuta mmoja wenu kakaba mche wa mahindi wa wiki tatu, kauvuta pwaa, kaupeleka bombani na kuusugua kama sufuria. Akaniletea "mizizi". Mdogo wangu, zile ni kamba. Vinyweleo, ambavyo ndivyo vinavyonyonya, vilibaki shambani.

1. Chimbua kwa sepetu na bonge lake zima, loweka kwenye ndoo hadi udongo uachie wenyewe.

2. Mbolea ya kupandia iingie shimoni, jirani na mbegu bila kuigusa. Naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka, husafiri na maji. Fosforasi, chakula kikuu cha mbolea hiyo, husogea milimita chache tu msimu mzima, kwa hiyo mzizi ndio unaoifuata. Ukiitawanya juu ya udongo mwekundu wenye pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5, umewapa chuma na aluminiamu ya udongo sadaka: huishika, mmea usiipate.

3. Kupika udongo ili kuua viumbe vilivyomo. Hapa nikae kidogo.

Nilipokuwa kama ninyi nilitaka jaribio "safi". Nikaazima pipa na kuni, nikafukiza udongo siku tatu, nikajaza ndoo 40, nikaweka fosforasi kiduchu kama andiko lilivyotaka. Miche ikatoka vizuri. Wiki ya tatu majani yakawa zambarau kama altare ya Kwaresima. Nikalaumu mbegu. Kisha, na hili bado linaniuma, nikamlaumu mzee aliyekuwa akimwagilia kitalu nyumba, nikamsema mbele ya watu kwamba anaruka zamu. Hakujibu.

Nje ya mlango kulikuwa na ndoo mbili nilizozijaza udongo mbichi kwa sababu kuni ziliisha. Maji yaleyale, mzee yuleyule. Kijani kibichi! Msimamizi wangu akazitazama, akauliza: "Na kuvu nao uliwapika?"

Niliwapika. Mikoriza, ndio kuvu hao, huingia mzizini, hulipwa sukari, na nyuzi zao huenda sentimita kadhaa mbali na mzizi, wakati kinyweleo huishia kwenye milimita moja hivi. Nimeua wachukuzi, halafu nashangaa mzigo wa fosforasi haufiki; zambarau ile ilikuwa njaa yake. Nikaenda kumwomba mzee radhi. Akasema, "Mimi nilidhani unapika makande."

4. Ukikuta kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, usiishie kuuliza habari za palizi. Mahindi yenye njaa ya fosforasi huwaita kuvu kwa kemikali ya mizizini, na mbegu za kiduha zilizolala ardhini miaka mingi huusikia mwito huohuo zikaamka.

5. Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfeti yaliyosagwa, ni ya udongo wenye tindikali. Kwenye pH 8 umemwaga vumbi.

6. Bibi akiwa na mbaazi katikati ya mahindi, usimwambie aing'oe eti inagombania chakula. Mizizi yake hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Juzi mmoja wenu alimhutubia bibi wa watu nusu saa juu ya hili. Bibi akampa maji ya kunywa akaendelea kupalilia.

Sepetu liko nyuma ya stoo. Ndoo ya kulowekea ni ile ya bluu. Nyekundu ni ya chai.