Walimu wapya wa kompyuta, punguzeni kurusha maandishi

Jumanne nilikaa dawati la nyuma kabisa la chumba cha kompyuta na fomu yangu ya kumtathmini mwalimu wa mazoezi, nikatazama dakika 80 zikiteketea. Kijana mwenyewe hana neno. Shati limepigwa pasi, andalio la somo limenyooka kuliko la kwangu. Akafungua PowerPoint, programu ya kutengeneza slaidi, akaandika "Karibuni" katikati ya slaidi, kisha akaanza kulipitisha neno hilo kwenye kila animesheni iliyomo (namna za kulifanya neno litokee, lisogee au litoweke), kwa kufuata menyu ilivyopangwa. Appear. Fade. Fly In. Float In. Split. Kufika Swivel darasa limeshaanza kucheka. Kwenye Bounce wakapiga makofi. Akazimaliza za kijani, ambazo ni za kuingia, akaingia za njano za kusisitiza, kengele ikamkuta kwenye nyekundu za kutoka. Kazi ya nyumbani: tengeneza slaidi kumi, kila moja iwe na animesheni isiyofanana na nyingine.

Nilitaka kumsema, nikashindwa. Kazi hiyo hiyo niliwahi kuitoa mimi mwaka 2011, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake wanaokuja muhula ujao, ili angalau mkosee makosa mapya.

1. Anzeni na sababu ya kubofya, madoido yatafuata. Sisi tuliosoma chuo enzi za projekta ya karatasi za plastiki tunakumbuka mkufunzi alivyokuwa akifanya: anaweka plastiki yake juu ya kioo, anaifunika kwa karatasi nyeupe, halafu anaivuta ile karatasi chini mstari mmoja mmoja. Akifika mstari wa tatu anasimama, anatuuliza swali, nasi tunainama kuchungulia kama mstari wa nne unaonekana. Hauonekani! Animesheni ni ile karatasi nyeupe. PowerPoint yenyewe ilipotoka mwaka 1987, ikiwa kazi ya kampuni ndogo iitwayo Forethought kabla Microsoft hawajainunua mwaka huo huo kwa dola milioni 14, ilikuwa ya kompyuta za Macintosh tu, rangi nyeusi na nyeupe, na watu waliitumia kuchapisha plastiki hizo hizo. Hakuna kilichokuwa kinaruka. Mwanafunzi akielewa kwamba anafunika kitu ili akifunue kwa wakati wake, hata akijua Appear peke yake anatosha. Asipoelewa, atajua zote na bado atakuchosha.

2. Msitoe alama kwa kuhesabu madoido. Hapa mnivumilie, maana sijawahi kulisimulia hili lote.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi. Somo langu lilikuwa la wote: washonaji, maseremala, mafundi magari, watu wa umeme wa majumbani. Nikatoa zoezi la slaidi, nikatunga na mwongozo wa kusahihisha niliojivunia sana. Jumla alama 20. Kumi za animesheni, alama moja kwa kila aina. Tano za transisheni, yaani namna slaidi moja inavyoipisha nyingine. Tano za sauti na rangi. Someni tena muone kama kuna alama hata moja ya kile kilichoandikwa kwenye slaidi.

Siku ya kuwasilisha, vijana walikuja wamejipanga. Kila slaidi ilikuwa ngoma. Maneno yanadunda, yanazunguka, yanaingia herufi moja moja kwa mlio wa taipureta, picha inakuja kutoka kona na kishindo cha bomu. Aliyeongoza nilimpa 19. Mada yake ilikuwa faida za intaneti, na nakula kiapo, sikumbuki faida hata moja.

Kisha akasimama binti mmoja wa umeme. Mpole, mmoja wa wasichana wanne katika darasa lao. Alikuwa na slaidi moja tu, nyeupe, haina hata fremu. Amechora ngazi za nyumba, balbu juu, swichi moja chini na nyingine juu, na kati ya swichi hizo nyaya mbili. Akasema, "Baba anarudi usiku, yuko chini." Akabofya. Ulimi wa swichi ya chini ukahama, mstari mwekundu ukatembea kwenye waya mmoja, ukapanda, ukafika kwenye balbu, balbu ikawa njano. "Amefika juu." Akabofya. Ulimi wa swichi ya juu ukahama, wekundu ukafutika, balbu ikawa kijivu. "Sasa mama naye anarudi, yuko chini." Akabofya. Swichi ya chini ikahama tena, na safari hii wekundu ukapita kwenye ule waya wa pili. Balbu ikawaka.

Kijana mmoja fundi magari huko nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana nyaya ni mbili!"

Darasa lililokuwa likizomea kila slaidi likatulia. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi nahesabu. Wipe, Appear, Disappear. Aina tatu, alama tatu. Transisheni hakuna, sifuri. Sauti hakuna, ila rangi nilimpa tatu kwa huruma. Sita kwa ishirini. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Ongeza madoido." Nikampa karatasi yake. Akaisoma, akasema "Asante mwalimu", akarudi kukaa.

Angalieni alichokuwa amekifanya. Wipe nilikuwa nimeionyesha darasani labda sekunde tatu, nikapita. Yeye alirudi kwenye mashine peke yake akagundua kwamba Wipe ina mwelekeo: kipande cha waya kinacholala kinafunuka kutoka kushoto, kinachosimama kinafunuka kutoka chini, na ukivipanga vifuatane, jicho linaona umeme unatembea. Alikuwa ameukata waya wake vipande saba. Mimi mwalimu wake sikuwa nimewahi kufungua Effect Options, menyu ya kuchagua mwelekeo huo.

Baada ya wiki mbili mwalimu wa karakana ya umeme, mzee aliyekuwa akiiita kompyuta "hicho kitu chenu", akaja ofisini na flashi aliyoazima. "Nasikia una binti kachora swichi ya ngazi inayotembea. Niwekee humu. Mwaka wa nane huu nachora ubaoni, nafuta, nachora, hawaelewi." Nikamwekea. Akiwa mlangoni akageuka: "Ulimpa ngapi?"

Nikamdanganya. Nilimwambia sijamaliza kusahihisha. Matokeo yalikuwa yameshafika kwa mwalimu wa taaluma tangu Ijumaa.

Ningeweza kwenda kuomba zibadilishwe. Ilikuwa ni kuandika barua ya nusu ukurasa. Sikuandika, kwa kuwa ningelazimika kueleza mwongozo wangu ulikuwa na nini ndani yake. Binti alimaliza, akapewa cheti, akaondoka, nami sikumwambia chochote. Mzee alilitumia faili lile mpaka anastaafu. Kila nilipopita karibu na karakana nikasikia wanafunzi wanaguna ile "aaah" ya kuelewa, niliongeza mwendo.

Kwa hiyo ninapowaambia msihesabu madoido, si kwamba nimesoma mahali.

3. Animation Pane, kile kidirisha kinachoorodhesha animesheni za slaidi kwa mfuatano wake, ifunguliwe kabla ya animesheni ya kwanza kuwekwa, na isifungwe mpaka kengele.

4. On Click, With Previous na After Previous, zile chaguo za lini animesheni ianze, fundisheni kwa daladala. Nimejaribu kwa maelezo ya kitabu miaka mingi, wanaitikia "ndiyo mwalimu", kisha kila kitu kinatoka kwa mpigo. Siku hizi nasema hivi: On Click ni gari lililosimama, haliondoki mpaka konda agonge bodi. With Previous ni mtoto aliyepakatwa, mama akipanda naye kapanda. After Previous ni mstari wa kituoni, wa nyuma anapanda wa mbele akishaingia. Delay, muda wa kusubiri, ni yule anayetafuta nauli mlangoni. Hili la mwisho nililetewa na mwanafunzi, silidai.

5. Sauti zimeni. Zote. Ndiyo, hata ya makofi. Hasa ya makofi.

6. Faili likisafiri hubadilika. Mkaguzi wenu atakuja na kompyuta yake, ukumbi una kompyuta yake, na mwanafunzi ana flashi yenye virusi vya tangu kidato cha pili. Morph, transisheni inayokihamisha kitu taratibu kutoka slaidi moja hadi nyingine, ikiteleza vizuri kwenye mashine mpya, kwenye PowerPoint ya zamani itageuka kuwa Fade ya kawaida. Ukihifadhi kama PDF hakuna kinachotembea: ulichokuwa ukikitoa kimoja kimoja mahali pamoja kitarundikana chote, kimoja juu ya kingine. Wazoezeni kujaribu faili kwenye mashine wasiyoitengenezea.

Na mtu akicheza na Rehearse Timings, ile saa inayorekodi umekaa muda gani kwenye kila slaidi, muulizeni kama alikubali muda uhifadhiwe. Mimi nilikubali. Ilikuwa siku ya wazazi, nimeandaa slaidi za mkuu wetu, na usiku wake nilijipima kwa saa ile nikiwa na haraka ya kulala. Kesho yake mkuu yuko slaidi ya pili, anasalimia wageni kwa vyeo vyao, slaidi zinaendelea zenyewe kama gari lililokatika breki. Yeye anasema "tuanze na historia fupi", nyuma yake ukutani imeshaandikwa "Asanteni kwa kunisikiliza". Wageni wakasimama. Dawa yake ni kuondoa alama ya tiki kwenye Use Timings, sekunde mbili, lakini ili uiondoe lazima uwe karibu na kompyuta, na mimi nilikuwa nje nahangaika na jenereta.

7. Kabla ya mashine, daftari. Kompyuta ni kumi na mbili, wanafunzi hamsini, mmoja anashika kipanya na wenzake watatu wanamshikia bega. Waambieni wachore slaidi kwenye karatasi na kuandika namba pembeni ya kila kitu: 1 kinatoka nikibofya mara ya kwanza, 2 mara ya pili. Asiyeweza kusema kwa nini 2 inasubiri 1, hiyo 2 haihitaji animesheni. Umeme ukikatika, na utakatika, kipindi kinaendelea.

8. Kitufe cha B kinafanya skrini iwe nyeusi wakati wa onyesho, ukikibonyeza tena inarudi. Sijui kwa nini hakifundishwi wiki ya kwanza. Ndicho kinachomrudisha mwanafunzi awatazame watu usoni badala ya kuusomea ukuta.

9. Msiwanyime kucheza kabisa. Najua nimekuwa mkali. Wapeni dakika kumi za mwanzo warushe majina yao watakavyo, Boomerang, Spiral, yote, wacheke, wamalize hamu. Mtoto aliyenyimwa utamu huo kipindi cha kwanza atautafuta siku ya mtihani.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa Jumanne. Jumatano alinifuata jikoni kwa mama wa chai, ameshasoma vipengele hivi tisa. "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini wameshaleta. Kazi 34. Nizisahihisheje na nilishawaambia kila slaidi animesheni yake?"

Nikamwambia alete kompyuta yake. Nenda Slide Show, fungua Set Up Slide Show, weka tiki kwenye Show without animation, kisha cheza. Kinachobaki ukutani ndicho alichokiandika mwanafunzi.

Faili la kwanza lilikuwa "Mazao ya Biashara". Picha ya korosho imekalia picha ya pamba, mkonge umelala juu ya zote mbili, na chini yake kuna sentensi mbili ambazo hazikusomeka hata tulipoinamisha vichwa. Akacheka. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na orodha safi ya hatua za kuandaa kitalu, na kila hatua ilikuwa mahali pake. Akanyamaza, akachukua kalamu, akaandika kitu pembeni ambacho sikukichungulia.

Tumefika la kumi na mbili. Yamebaki 22, na chai imepoa.