Jibu: Je, asili ya vanila ni Madagaska?
Hapana mkuu, asili yake ni Meksiko. Madagaska ndiyo inayoongoza kwa kuilima siku hizi, lakini ajabu kubwa ni kwamba kilimo hicho kiliwezeshwa na mtoto wa miaka 12.

Wafaransa waliupeleka mmea huo kisiwani Réunion, mashariki mwa Madagaska, miaka ya 1820. Ukastawi, ukachanua, ila matunda hakuna, maana wadudu wanaouchavusha kwao Meksiko hawakuwepo. Mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto aliyezaliwa utumwani, akapata njia: unapasua ua kidogo, unainua kwa kijiti kile kiutando kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, halafu unazibana pamoja kwa kidole gumba. Sekunde chache tu. Na lazima uwahi, kwa sababu ua hufunguka siku moja, kisha linanyauka.

Mpaka leo wakulima wanafanya hivyohivyo, ua kwa ua, ndiyo sababu mojawapo vanila halisi ni ghali. Kinachoniuma ni kwamba Albius, aliyepata uhuru utumwa ulipofutwa mwaka 1848, alifariki maskini mwaka 1880 huku wenye mashamba wakivuna faida ya ugunduzi wake.