Diski Pacha na Data Iliyooza: Maswali Yenu

Studio yetu ya picha hapa Arua inatumia diski mbili pacha kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski. Picha kadhaa zinafunguka nusu, ilhali diski zote zinaonekana nzima. Mbona mashine haikurekebisha?

Haikujua. mdadm huandika kitu kilekile pande zote mbili, kisha husoma upande mmoja na kuuamini. Diski ikikiri kwamba imeshindwa kusoma sekta, nakala ya pili huchukuliwa. Ikitoa biti zilizogeuka bila kulalamika, hakuna wa kuigundua. Ukiendesha check (ukaguzi wa mdadm), hesabu yake iitwayo mismatch_cnt itakuonyesha kwamba nakala zinatofautiana, basi. Ukiendesha repair (urekebishaji wake), nakala ya kwanza huandikwa juu ya ya pili, hata kama iliyooza ni hiyo ya kwanza! Usiiguse repair kabla ya kunakili picha kutoka kila diski peke yake.

Tofauti na mdadm, mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs huipa kila bloku (kipande cha data) cheksamu, nambari inayokokotolewa kutokana na yaliyomo: kwa kawaida fletcher4 kwa ZFS, crc32c kwa Btrfs. ZFS huiweka kwenye bloku inayoonyesha data iko wapi, si pamoja na data yenyewe, kwa hiyo hata diski ikileta bloku ya mahali pengine, inanaswa. Cheksamu isipolingana, mfumo husoma nakala ya pili, huihakiki, hukupa hiyo, kisha huandika upya ile mbovu. Ila kwenye Btrfs, faili zenye nodatacow (mpangilio wa kuandika data mpya juu ya ya zamani) hazina cheksamu, na hivyo hazitibiki.

Niko Jinja. zpool status, amri ya hali ya ZFS, inaonyesha CKSUM 14 (makosa 14 ya cheksamu) kwa diski moja. Ninunue nyingine?

Ngoja kwanza. Endesha smartctl -a, amri inayosoma ripoti ya afya ya diski. Namba 5 (sekta zilizohamishwa) au 197 (sekta zinazoshukiwa) ikizidi kupanda, nunua, na mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Tumia zpool replace bila kuchomoa ile mbovu ikiwa bado inasomeka. Hizo zikiwa sifuri lakini 199 (makosa ya kusafirisha data) inapanda, mshukiwa ni kebo ya SATA: zima mashine, badilisha kebo, kisha zpool clear (kufuta hesabu ya makosa) na zpool scrub (kusoma na kuhakiki data yote). Makosa yakitokea diski zote mbili kwa pamoja, pima RAM kwa memtest86+ usiku kucha, na kagua pawa saplai.

Scrub ifanywe mara ngapi? Na umeme wa Gulu ukikatika katikati?

Kila mwezi. Bila scrub, faili zisizofunguliwa huozea upande mmoja kimya, na utajua siku diski ya pili inapokufa. Ubuntu na Debian huipanga kwa ZFS usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya mwezi. Seva ya ofisi inayozimwa wikendi haiifanyi kamwe. Umeme ukirudi, ZFS huendelea ilipoishia. Kwa Btrfs andika btrfs scrub resume. UPS bado ni lazima.

Nakala zote mbili zikiharibika? (Mbale)

zpool status -v hukutajia faili. Ifute, irudishe kutoka bekapu, fanya scrub tena. Wakati mwingine jina huondoka kwenye orodha baada ya scrub ya pili tu.