Mashua kuukuu ya mashindano: rudisha kasi yake kabla ya kuibadilisha

Mwenye mashua ya mashindano iliyoundwa miaka ya 1970 au 1980 akianza kupitwa na mashua mpya, mawazo hukimbilia mlingoti wa kaboni, mkuku mrefu zaidi au dasturi (mti unaochomoza mbele) ya kubebea spineka, tanga kubwa la kwenda na upepo wa nyuma. Ushauri wangu: usiguse hata kimoja kati ya hivyo mpaka mashua irudie kasi iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Nyingi ziko mbali na kasi hiyo, na wenyewe hawajui.

Umbo lenyewe lina mpaka wake. Mashua nzito isiyoweza kuteleza juu ya maji haivuki kwa urahisi kasi unayoipata ukizidisha 2.43 kwa kipeuo cha pili cha urefu wake, kwa mita, kwenye mstari wa maji. Yenye mita 9 huishia karibu na noti 7.3 (maili za baharini kwa saa); upepo ukiwa mkali, tanga kubwa zaidi litailaza tu. Isitoshe, mashua za aina tofauti zikishindana, muda hufidiwa. Mfumo wa fidia wa PHRF hutoa sekunde kwa kila maili, ule wa IRC huzidisha muda wako kwa namba iliyo kwenye cheti cha mashua. Ongeza eneo la tanga au kina cha mkuku, na fidia yako inabadilika. Badiliko linalokupa sekunde 4 kwa maili na kukutoza 6 limekurudisha nyuma, tena kwa gharama yako. Na kama mashua ni ya daraja la aina moja, ambalo mashua zake zote hufanana, kama J/24, badiliko lisiloruhusiwa linaitoa kwenye daraja lake.

Ulaini wa sehemu iliyo majini hautozwi, kwa hiyo anzia hapo. Kwangua rangi yote ya zamani ya kuzuia viumbe wa baharini hadi ufikie praima. Ukinyoosha juu ya rangi inayobanduka, itaondoka na kazi yako. Jaza mabonde kwa epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia, kisha sugua kwa ubao mrefu unaopinda kidogo, msasa namba 80, kwa mshazari wa digrii 45 upande mmoja halafu mwingine. Msasa ulioshikwa kwa mkono mtupu hufuata mabonde badala ya kuyafuta. Paka angalau tabaka mbili za praima ya epoksi, kisha rangi ngumu, kwa sababu ile inayojimenya haikubali kusuguliwa. Malizia kwa msasa wa maji namba 400.

Mkuku na usukani vinastahili uangalifu zaidi ya sehemu nyingine yoyote. Kata kiolezo cha plaiwudi kinachokaa sawasawa upande mmoja, kisha kigeuzie upande wa pili. Tofauti ikizidi milimita 3, huenda ndiyo sababu mashua inapanda joshi (kwenda kuelekea upepo unakotoka) vizuri tanga likiwa upande huu na vibaya likiwa upande ule. Ukingo wa nyuma ukate uwe bapa, unene milimita 2 hadi 3. Ukiachwa mviringo, maji hujizungusha nyuma yake na usukani hutetemeka. Rafadha ya injini isiyokunjika huburuta sana. Kuweka inayokunjika ni kazi nzuri, ila IRC huihesabu kwenye fidia, hivyo ulizia kwanza.

Uzito uliorundikwa omo (mbele) na tezini (nyuma) uhamishie karibu na mkuku, isipokuwa vitu ambavyo cheti kinataka vibaki pale vilipokuwa siku ya kupimwa.

Halafu matanga. Tanga lililochoka husogeza tumbo lake, yaani pale linapobonyea zaidi, nyuma. Kwenye tanga kuu, tumbo likipita nusu ya upana, mashua hulala na usukani huvuta mkono. Mahali pazuri ni karibu asilimia 45 kutoka mlingotini, na kwa tanga la mbele asilimia 35 hadi 40 kutoka ukingo wake wa mbele. Lakini kabla ya kununua tanga jipya, tazama henza, kamba ya kupandishia tanga. Kwenye mlingoti wa mita 12, henza ya poliesta ikirefuka asilimia 1 tu, tanga limeshuka sentimita 12, na tumbo linarudi nyuma kila upepo unapoongezeka. Henza za Dyneema, nyuzi imara zisizovutika kirahisi, ni badiliko la bei nafuu lenye faida kubwa.

Henza hizo zina athari moja: kamba isiyovutika haimezi mshtuko, inaupeleka kwenye vyuma vya zamani. Gonga sitaha yote kwa nyundo ya plastiki. Sauti butu karibu na mlingoti au winchi maana yake mbao za balsa zilizo ndani zimelowa, nazo hutolewa na nafasi ikajazwa epoksi. Vyuma vinavyoshika waya za mlingoti vichomoe kabisa. Chuma kisichoshika kutu huliwa pale kinapopita kwenye sitaha, penye maji na pasipo hewa, mahali usipopaona. Waya zenye umri wa miaka 10 hadi 15 badilisha bila mjadala.

Dasturi na spineka isiyolingana pande huwaponza wengi. Mashua nzito ya enzi za IOR, kanuni ya kupimia mashua za mashindano ya miaka ya 1970 na 1980, huenda vizuri karibu moja kwa moja na upepo, digrii 165 kutoka upepo unakotoka. Spineka hiyo hukulazimisha kwenda 145, na ili ufike wakati uleule unahitaji kasi zaidi kwa asilimia 18. Mashua iliyokwisha fika mpaka wake haina hiyo asilimia 18.

Mlingoti wa kaboni una maana: kilo 10 zikiondoka mita 8 juu ya kitovu cha uzito ni sawa na kuongeza kilo 53 za risasi mita 1.5 chini yake. Ila mashua itasimama imara zaidi na waya zitavutwa zaidi, kwa hiyo fanya ukaguzi wa vyuma kwanza. Mkuku mrefu siushauri bila hesabu za msanifu, maana ukigonga mwamba, mkuku huo hukandamiza zaidi mataruma (mbavu za mashua) yaliyo nyuma yake.

Badiliko moja kubwa ninalolitetea ni usukani. Mashua nyingi za IOR zina tezi nyembamba, na upepo wa nyuma ukizidi huyumba huku na huku hadi usukani upoteze mshiko wake majini. Usukani wenye kina zaidi, uliosawazishwa ili asilimia 15 hivi ya eneo lake iwe mbele ya mhimili, huidhibiti. Mhimili nao uhesabiwe upya pamoja na beringi zake, kwa sababu ule wa zamani haukuundwa kubeba nguvu hizo.